Bei ya Wafiwa

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Singida Mjini.

Basi la Mtinko limekufa. Kipuri hakipo, na fundi hata haoni haya kusema hajui kitakuja lini. Mimi Jumamosi lazima niwe Mtinko kwa Mzee Mughwai, nipeleke posa ya binti yake, Selina. Nisipotokea, mzee atasikiliza wengine. Ameshasema.

Nimekwenda kituo cha teksi. Yupo Gaspari peke yake na Pijo lake lisilo na kioo cha nyuma. Shilingi hamsini! Nikamuuliza kama barabara imetengenezwa kwa dhahabu. Akajibu ni mbovu, ndiyo maana. Nikamkumbusha kwamba nchi hii imekataa unyonyaji. Akasema kweli kabisa ndugu, nenda kwa miguu, hakuna atakayekunyonya. Mwizi mkubwa!

Jumanne, 6 Agosti.

Nimeazima shati la kijani la jirani, mwanachama hodari wa TANU. Nikachomeka kalamu mbili mfukoni. Nikasimama mbele ya Pijo, nikauliza kwa sauti nzito bei halali ni ipi, kama mkaguzi aliyetumwa. Gaspari akacheka mpaka akaegemea boneti. Akasema mkaguzi huyu anamjua, ndiye fundi cherehani aliyemshonea suruali yenye mguu mmoja mfupi. Alikuwa ameivaa! Akawaonyesha watu. Bei sasa ni sitini, kumi ni fidia ya suruali.

Alhamisi, 8 Agosti.

Nimeona kwa macho yangu. Mama mmoja alifika kituoni analia, amefiwa na kaka yake huko Ikungi. Gaspari huyu huyu akavua kofia, akamfungulia mlango, akachukua hela ya petroli tu. Kumbe hata mwizi ana huruma mbele ya msiba! Basi kesho kutwa mimi ni mfiwa. Nimejizoeza kulia mbele ya kioo. Nalia vizuri kuliko yule mama.

Jumamosi, 10 Agosti. Mtinko.

Heri ningelipa sitini.

Nilipanga kufiwa na shangazi. Gaspari akauliza shangazi gani, wa boma la nani. Swali hilo sikulitegemea. Mtinko namjua mzee mmoja tu. Nikasema marehemu ni yeye, Mzee Mughwai.

Gaspari akakaa chini vumbini. Akasema masika yaliyopita Mzee Mughwai alilivuta Pijo kutoka kwenye tope kwa ng'ombe wake, asidai hata senti. Akakataa nauli yangu. Bure kabisa! Nikafurahi moyoni huku nalia.

Furaha haikufika mbali. Kila boma alisimama, akapiga honi, akatangaza. Wanawake wakajaa ndani ya gari na kuni zao. Wanaume wakafuata kwa baiskeli, wamebeba majembe ya kuchimbia kaburi.

Mzee alikuwa amekaa nje na koti lake jeusi, ananisubiri mimi. Wanawake walipomwona wakazidisha kilio, mmoja akazimia. Mzee akauliza nani amekufa. Hakuna aliyetaka kumwambia. Akauliza nani kaleta habari. Wote wakanigeukia, pamoja na wale wenye majembe. Nikatoa shikamoo. Hakuitikia. Mzee mzima, hakuitikia!

Gaspari akapiga magoti, akamshika mkono, akalia kwa furaha. Mzee akatangaza kwamba kijana anayeacha biashara yake aje kukuzika bila malipo, huyo ndiye mtu. Akamuuliza kama ameoa. Hajaoa! Sukari yangu ya posa ikawapikia chai waombolezaji. Selina akampelekea Gaspari kikombe cha kwanza, kwa mikono miwili. Mimi hata maji sikupewa. Nampenda sana yule msichana. Nimekwenda nyuma ya zizi nikalia kweli.

Jumapili, 11 Agosti. Njiani.

Gaspari amebaki Mtinko. Wazee wamemwita ndani tangu asubuhi, na Selina ameonekana akichagua kuku wa kuchinja. Basi tena.

Nimepata lori la mahindi linalorudi mjini. Dereva alitaka shilingi thelathini nikae juu ya magunia. Juu ya magunia! Nikamwambia mke wangu yuko hospitali, anajifungua muda huu. Uso ukamlainika papo hapo. Amenikalisha mbele, bure, na karanga amenipa. Anasema dada yake ndiye mkunga wa zamu, kwa hiyo hataniacha getini, tutaingia wote tukamwone mtoto. Nimemwambia vizuri sana.

Mji bado uko mbali. Mtoto atapatikana.