Mti wa Krismasi Wenye Miwani

Jumatatu, 18 Desemba
Bosi anatafuta msimamizi wa karakana yetu ya mapazia. Ni mimi au Pasi, yule mnyoosha mapazia anayecheka hata bosi akikohoa. Lazima niipate! Nimekata vitambaa hadi mgongo umepinda. Mpango: bosi anapenda watu wachangamfu, basi nimchekeshe. Nimetunga mzaha kuhusu mti wa Krismasi ulioko mapokezi, karibu na kiti cha mume wa bosi. Nimemjaribia mke wangu, akaniambia nilale. Hajui vichekesho, maskini.

Jumanne, 19 Desemba
Nimeutoa mzaha wakati wa chai. Nikasema mti ule ndio mfanyakazi bora hapa: umesimama pembeni, unang'aa, haufanyi lolote, na zawadi zote zinawekwa miguuni pake. Mafundi wakacheka hadi chai ikawatoka puani. Bosi akaweka kikombe chini. Watu wote wakamgeukia mdogo wake wa kiume, "mshauri" wetu, aliyejilaza kwenye kochi na miwani yake ya jua, anachezea simu. Haki ya Mungu, sikuwa nimemfikiria yeye! Bosi akauliza mti gani huo hasa. Nikaona nimfafanulie.

Jumatano, 20 Desemba
Maneno hayakutosha, basi nimemchorea. Sisi wakata vitambaa bila chaki hatuelezi kitu. Mti huu hapa, zawadi hizi hapa, wafanyakazi mikono mitupu kule. Bosi akauliza mbona mti umevaa miwani. Nikasema ni pambo. Mkono ulijipeleka wenyewe!

Alipotoka kupokea simu ndipo nikaona nimechora juu ya pazia la mteja. Tena kwa chaki ya nta! Nikapagawa, nikamwomba Pasi alinyooshe haraka kwa pasi, eti chaki ifutike. Akanyoosha kwa moyo wote. Nta ikayeyuka, ikazama kwenye kitambaa, miwani na yote. Nyoka yule alijua. Hata mimi nilijua, ila akili ilikuwa imeniruka.

Ijumaa, 22 Desemba
Pasi ndiye msimamizi. Mimi nimepewa kumhudumia mshauri: kumchajia simu, kumletea maji. Nimelia chooni, sifichi. Nilimwahidi mke wangu kwamba mwaka mpya sitakata tena vitambaa. Kweli, sikati.

Mshauri hana kinyongo. Ameniuliza ule mzaha ulihusu nini, maana alicheka kwa kufuata wenzake.

Lakini njia bado ipo! Bosi amenuna kwa sababu anadhani nilimsema mdogo wake. Kesho asubuhi naingia ofisini kwake, namweleza ukweli wote: niliyemfikiria ni mumewe.