Uzinduzi wa Kabati la Kuvuta Hewa

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Taasisi, ndugu Makamu Mwenyekiti ambaye kiti chake kipo ingawa mwenyewe hajafika, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo ambavyo bado havijaundwa, watafiti waandamizi na wale wanaowafuata kwa nyuma, mafundi sanifu wa maabara, walinzi wa getini, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja basi ajihesabu ametajwa, maana moyoni nimemtaja. Usalama! (Ukumbi: "Kwanza!") Sijasikia, usalama! ("Kwanza!" Mlinzi wa getini anachelewa, anaitikia peke yake. Vicheko.)

Mimi, Mkurugenzi wa Usalama, Ustawi na Uratibu Mtambuka, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo kama ingekuwa maji basi mngekuwa mnaogelea. Nyuma yangu, chini ya kitambaa hiki cha buluu, limesimama Kabati la Kuvuta Hewa, kabati la kisasa, shirikishi, jumuishi na endelevu, ambalo fundi atakuwa anapimia ndani yake unga wa vimeng'enya bila unga huo kumwingia puani, kwa kuwa hewa yote chafu itanyonywa na kupelekwa huko hewa chafu inakopelekwa. (Makofi.) Msilisogelee, tafadhali. Halijazinduliwa.

Sasa, kimeng'enya ni nini? Mimi si mtaalamu, ila nimekaa na wataalamu kwenye semina arobaini na moja, zote zenye chai, na nimeelewa kwamba kimeng'enya ni kile kitu kinachomeng'enya. (Mtafiti mwandamizi anafunika uso.) Kinakuja kikiwa unga mwepesi kwenye kopo, kinakaa kwenye friza, na watu wetu wanakitumia kukatakata protini kwa ajili ya utafiti. Na mimi na wewe tumeumbwa kwa protini, mheshimiwa Mwenyekiti! Macho, ngozi, mapafu, vyote! Ndiyo maana ofisi yangu haikulala. Tuliandaa strateji, tukaipitia, tukaiboresha, tukaiwekea fremuweki, na leo takwimu zinaonyesha kwamba kati ya mafundi wetu kumi na wanne, kumi na sita wamepata mafunzo, sawa na asilimia mia moja na kumi na nne! (Makofi. Mtu mmoja anahesabu kwa vidole.)

Naomba Mama Mizani asimame. Simama, dada yangu, usione haya. (Anasimama mwanamke wa makamo, koti jeupe, barakoa usoni.) Mnamjua huyu. Miaka kumi na tisa anapima unga wa vimeng'enya kwenye meza ya wazi, na mkono wake ni mwepesi mpaka mizani yenyewe inamwogopa. Ni huyu aliyetuandikia barua kumi na moja akisema kifua kinambana, kila akifungua kopo anakohoa mpaka usiku mumewe anakaa kitandani kumhesabia pumzi, na daktari amemwambia: kabati lipatikane kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo aache kazi hii kabisa. Dada, barua zako hazikupotea! Tulizipokea, tukazisoma, tukazipiga mhuri, tukaziundia kamati, kamati ikaomba kamati ndogo, na faili lako sasa ni nene kuliko mto wa kulalia. Wapo waliosema tunachelewa. Nikawaambia, haraka haraka haina baraka! (Makofi machache. Mama Mizani anakohoa.) Asante kwa kuniunga mkono.

Lakini lipo tatizo la woga, ndugu zangu, na woga ni adui wa maendeleo. Kuna watumishi wanauogopa unga huu kama nyoka. Glavu, miwani, barakoa, koti, mpaka unadhani wanaenda mwezini. Sasa mimi kama kiongozi ninaongoza kwa vitendo. Leteni lile kopo nililoagiza litolewe friza. (Karani analeta kopo dogo jeupe.) Na hiyo feni igeuzieni huku, nimelowa jasho.

(Sauti ya Mama Mizani: "Mheshimiwa, hilo lisifunguliwe hapa! Na feni izimwe kwanza!")

Mnaona? Ndio woga wenyewe huo. Tulia, dada, kabati lipo nyuma yangu, litavuta.

("Halijachomekwa hata kwenye umeme, mheshimiwa! Majuto ni mjukuu!")

Litavuta kwa nia njema. Tazameni mkono huu, hauna glavu, hautetemeki. Nafungua. (Anafungua. Feni inapuliza. Wingu jembamba linapita juu ya meza kuu.) Mmeona? Hakuna chochote. Ni unga tu, kama wa... kama wa... (Anapiga chafya.) ...kama wa ngano. (Mwenyekiti wa Bodi anapiga chafya. Mstari wa mbele wote unapiga chafya.) Asanteni! Asanteni kwa shangwe! Haijapata kutokea nikashangiliwa hivi!

(Anapiga chafya nne mfululizo. Macho yanamtoka machozi.) Machozi haya ni ya furaha. Karani, chukua ufagio, fagia haraka, wageni wanachafuka!

("Usifagie!" Mama Mizani anapita katikati ya ukumbi, anashikilia barakoa yake kwa mkono. "Ukifagia unaurusha tena. Zima feni. Mfuniko huo, nipe. Aliye mbele atoke nje taratibu, asijisugue macho, anawe kwa maji mengi. Wewe karani, loweka vitambaa, tutafuta kwa maji, na vitambaa viingie kwenye mfuko vifungwe. Mheshimiwa, usijipukute koti! Livue ukiwa umesimama hapo hapo.")

Nalivua, dada, nalivua. (Anavua koti. Anabaki na shati lililochomoka kwenye suruali.) Ndugu wananchi, hotuba inaendelea, ila kifua... hiki kifua mbona kama kimefungwa kamba? Ni hivi kila siku, dada yangu?

("Kila siku, mheshimiwa. Changu kinabana zaidi.")

Mama yangu! Miaka kumi na tisa! Hapana, hili halikubaliki, hili ni la kukemewa! (Chafya.) Natamka hapa mbele ya Bodi, leo hii naandika barua ya kumi na mbili kwa mkono wangu, barua kali, yenye herufi kubwa! Karani, niambie, huyo anayeshughulikia makabati, huyo mzembe aliyekalia barua za dada huyu, ni nani, na ofisi yake iko wapi?

(Karani anatazama viatu vyake. "Ni wewe, mheshimiwa. Mlango wa tatu, kushoto.")

Naam. Kumbe. (Mtu mmoja nyuma anashindwa kuvumilia, anaangua kicheko, ukumbi mzima unamfuata, wanacheka huku wanapiga chafya.) Chekeni, chekeni, kicheko ni dawa, na dawa nyingine hatuna. Nimebakiza shukrani tu, nimalize.

Kwa namna ya pekee namshukuru mama mkwe wangu, ambaye bila yeye uzinduzi huu usingewezekana, kwa kutuazima kabati lake la nguo. (Kitambaa cha buluu kinateleza chenyewe. Kabati la mbao, vioo viwili, kibandiko cha ua mlangoni.) Msigune! Ni mbao ngumu hiyo! Yeye ameomba lirudi kabla ya saa kumi, kwa hiyo atakayeona gari la mizigo nje asilizuie. Nawashukuru pia vijana wa ufundi waliochora ile swichi nyekundu ubavuni kwa ustadi mkubwa. Lile kabati lenyewe, lile la kuvuta, bado liko katika hatua ya dhana, lakini dhana imeiva! Mpaka hapo, mafunzo yataendelea. Kaulimbiu yetu ni ileile, tumalize kwa nguvu. Kabati!

(Ukumbi mzima: "La mama mkwe!")

Kabati!

("La mama mkwe!" Mama Mizani, ambaye ameshafuta meza kuu yote kwa kitambaa chenye maji na kufunga kopo kwenye mfuko, anakwenda kunawa mikono. Anarudi. Anafungua kabati. Ndani imebaki henga moja. Anavua koti lake jeupe, analitundika, anaweka juu ya bega la koti barua ya daktari ya kumtaka aache kazi, anafunga mlango polepole ili usigonge.)

Dada, unalitundika la nini? Kabati hilo linarudi kwa mama mkwe saa kumi!

("Mwambie koti alifue kwa maji, asilipukute," anasema Mama Mizani, na anatoka nje kwenye hewa.)

Dada! Dada yangu! Jamani, mwiteni! Sasa unga wa kesho asubuhi atatupimia nani?

(Wote wanalitazama kopo. Hakuna anayenyoosha mkono.)

Basi. Asanteni kwa kunisikiliza.