Rudisheni Bei ya Zamani, Mwanangu Anaongea Mno

Kwa Waheshimiwa wa Tume ya Bei za Simu za Magerezani,

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Delphine, Arkansas, na poleni na kazi. Naitwa Bi. Verlene Stubblefield, mama yake Lavelle Stubblefield. Jina hilo nadhani si geni kwenu, maana simu zote za gerezani zinarekodiwa, na mtu aliyemsikiliza Lavelle mara moja hamsahau.

Habari zenu nilizipata kanisani. Mama Mchungaji alitusomea baada ya matangazo ya misiba: kwamba mwaka jana mlishusha bei ya simu kutoka gerezani, kwamba kampuni za simu zimelia kwamba zinaumia, na kwamba sasa mnataka wananchi waseme kama bei ibaki hapa chini au irudi ilikokuwa. Akafunga karatasi, akasema, "Kila mwenye mtu wake ndani, aandike." Mimi nina mtu wangu ndani. Shule niliishia darasa la nane, lakini mwandiko wangu ulikuwa ukibandikwa ukutani wenzangu wauige, kwa hiyo naandika.

Ninaomba bei irudi ilikokuwa. Ikiwezekana ipande na zaidi.

Kabla hamjaniona mama wa ajabu, niwaeleze kidogo habari za mwanangu. Lavelle alipokuwa na miaka kumi na tisa aliendesha gari la watu ambao sikuwapenda hata siku ya kwanza walipokuja kugonga mlango wangu. Wao wakaingia dukani na bastola, yeye akangoja nje injini ikiwaka. Alikosa, na alisema amekosa. Mbele ya hakimu alisimama wima, shati nimelipiga pasi mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika hadi benchi la nyuma, "Ndiyo, mheshimiwa, ni mimi niliyeendesha." Hakimu alisema katika miaka yake yote hajapata mshtakiwa mwenye adabu namna ile. Kisha akampa miaka kumi na minne. Na lile gari, kama mtapenda kujua, lilirudishwa kwa mwenyewe bila mkwaruzo. Nimemlea vizuri.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Bei yenu mpya imetuharibia ulimi. Enzi za bei ya zamani, mimi niliweza kumpa mwanangu habari za msiba mmoja, harusi mbili na mto kufurika, na Baba Yetu juu yake, kabla yule dada wa kwenye mashine ya simu hajatuambia kwamba imebaki dakika moja. Lavelle naye alijibu kwa pumzi moja: "Mama-mzima-nakula-nalala-usilie-haya." Siku moja dalali wa mnada wa ng'ombe, wale watu wa kutaja bei bila kupumua, alinisikia nikiongea na simu dukani, akaniuliza kama natafuta kazi. Mimi, mwanamke wa darasa la nane! Kipaji hicho leo kimekufa. Leo Lavelle anapiga, anavuta pumzi, anasema, "Enhe, Mama. Unapika nini?"

"Nakaanga kambare."

"Kwa mafuta gani?"

"Wewe mafuta yanakuhusu nini, utakuja kula?"

"Daktari alikuambia nini kuhusu presha?"

"Daktari aliniambia nisibishane na watoto."

"Mama. Zima jiko."

Mtu yuko nyuma ya kuta, nyuma ya waya wa miiba, nyuma ya askari wenye mbwa, na bado anatawala jiko langu. Wiki iliyopita nilikula kambare wa kuchemsha. Wa kuchemsha, waheshimiwa, katika jimbo hili la Arkansas. Majirani hawajui, na ninaomba barua hii msiibandike mahali.

2. Upendo umerudishwa nyuma. Zamani simu ilikuwa inaweza kukatika wakati wowote pesa zikiisha, kwa hiyo sisi wenye watu ndani tulijifunza kuweka "nakupenda" mbele kabisa, hata kabla ya salamu. Ikatike isikatike, neno hilo limeshafika. Mdomo wangu ukazoea hivyo kiasi kwamba nikishika simu yoyote, neno limeshatoka. Bwana Haskell wa kampuni ya gesi alipiga kuniarifu kwamba watakuja kukagua mita. Kabla hajajitambulisha nikamwambia, "Nakupenda, umekula?" Akasema, "Hapana, mama, sijala." Sasa kila Jumapili baada ya ibada yuko mezani kwangu, na pai ya viazi vitamu anaijulia kuliko wanangu wa kuwazaa. Mke wake alifariki majira ya baridi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama amekula.

Matunda hayo yote yaliletwa na bei kubwa. Lavelle wa siku hizi anaanza na hali ya hewa. "Nakupenda" ananiwekea mwisho, kama watu wengine wote wenye simu za kawaida, na mimi moyo uko juu kipindi chote nikingoja.

3. Mjukuu wangu ameacha kubana maneno. Zenobia, binti wa Lavelle, alizaliwa baba yake akiwa tayari ndani, na analelewa na mimi. Kwa bei ya zamani fungu lake lilikuwa sentensi moja kwa wiki. Waheshimiwa, mngeona mtoto yule alivyokuwa akifanya kazi! Jumatatu ana sentensi. Jumatano ameitupa, ana nyingine. Ijumaa namkuta bafuni anaipima mbele ya kioo kama mtu anayejaribu kofia. Jumamosi anashika simu na kusema, "Baba, jino limetoka na halikuuma," ananirudishia simu, anaenda kukaa kwenye ngazi peke yake. Mwalimu wake alisema hajaona mtoto anayejua kufupisha hivyo. Nilijivuna mji mzima.

Leo hii anampa baba yake habari za siafu. Siafu wa uani kwangu! Wametoka wapi, wanakwenda wapi, nani kabeba nini, na mmoja aliyebaki nyuma ya wenzake kwa sababu alichukua kipande cha biskuti kikubwa kumzidi. Muda ukaisha siafu huyo akiwa bado njiani. Basi Lavelle akarudi kwenye foleni, nyuma ya wanaume wazima wenye shida zao, akangoja zamu upya, akapiga, na neno lake la kwanza halikuwa "Mama" wala "nakupenda". Lilikuwa, "Vipi, alifika?"

Nauliza kwa heshima: hiyo ndiyo kazi ya simu za serikali?

4. Nimepata kiburi, na ni dhambi, na ni nyinyi mlioniletea. Dada Earnestine Goodloe tumekaa naye kwaya moja tangu tukiwa wasichana. Mwanawe Prentiss ni daktari wa meno Atlanta. Ana nyumba yenye bwawa, ana simu mbili, na kuongea na mama yake hakumgharimu chochote. Anapiga Siku ya Mama. Miaka yote hiyo Earnestine alitusimulia bwawa, na mimi nilinyamaza, nikafaidi unyenyekevu. Tangu mshushe bei, simu yangu inalia katikati ya mazoezi.

"Nani huyo, Verlene?"

"Mwanangu."

"Leo tena?"

"Leo tena, Dada Earnestine. Na jana. Samahani, anataka kusikia sauti ya pili ikiimba, hebu mshikie simu karibu nao."

Mara ya mwisho akanichokoza mbele ya kwaya nzima, "Angalia, wako akitoka atakuwa na kazi, atakusahau kama wangu." Tukacheka wote. Yeye akatangulia kuacha kucheka, akasema amesahau miwani kwenye gari. Miwani alikuwa ameivaa. Tangu siku hiyo nikiona simu inaita natoka nje, na ninaona haya kwa furaha yangu mwenyewe. Bei ya zamani haikuwahi kunifanyia hivi.

5. Hili nilitaka nisiliandike. Jumanne mvua ilikuwa inanyesha, mimi nimekaa jikoni namenya kunde, Lavelle kwenye simu, na hatukusema kitu. Si kwamba tumegombana. Maneno yalikuwa yameisha tu, na muda ulikuwa upo. Nilisikia mlango wa chuma huko nyuma yake, nikasikia mtu anaita jina la mtu, nikasikia pumzi yake inavyopiga mluzi tangu utotoni kwa sababu ya pumu. Nikamuuliza, "Upo?"

"Nipo."

"Unafanya nini?"

"Nakusikiliza unavyomenya kunde."

Waheshimiwa, kwa bei ya zamani kimya kile kingegharimu kuliko kunde zenyewe, sufuria na jiko. Nani aliwapa ruhusa ya kutugeuza watu wanaoweza kukaa kimya pamoja, kana kwamba kijana wangu yuko kiti cha pili hapo mezani? Mtu akizoea vitu kama hivyo, mtamnyang'anyaje tena?

Kwa sababu hizo zote naomba bei ya zamani irudi. Na kwa kuwa imethibitika kwamba bei kubwa inafundisha watu kufupisha, kuwahi, na kutanguliza upendo, si haki faida hiyo ipewe mama wa wafungwa peke yao. Naomba ienee. Daktari Prentiss Goodloe naye awekewe dada wa mashine: "Una simu kutoka kwa daktari wa meno aliyeko Atlanta. Kukubali, bonyeza moja." Mkatieni baada ya dakika kumi na tano. Mrekodini. Mtozeni hadi achague sentensi yake moja tangu Jumatatu, mkaone kama hatampigia mama yake kila Jumamosi.

Kisha wakuu wa kampuni za simu wanaolia wanaumia. Nao wana mama. Wapigie mama zao kwa bei waliyotutoza sisi, wakiwa wamesimama, na mtu nyuma anawaambia wafanye haraka.

Kisha nyinyi, waheshimiwa. Siku ile mtakayopiga kura, kabla hamjainua mikono, kila mmoja ampigie mama yake kwa bei ya zamani. Mwambieni yote. Msiache presha, msiache misiba, msiache siafu. Dada wa mashine akiwaambia imebaki dakika moja, hapo ndipo mpige kura, simu ikiwa bado sikioni. Mimi nitaridhika na uamuzi wowote utakaotoka katika dakika hiyo.

Nimemaliza. Msinichukulie vibaya, nimewaandikia kama ninavyowaandikia wanangu. Nisalimieni yule dada wa mashine; sauti yake nzuri, lakini amekonda, nasikia. Nisalimieni pia yule anayekaa kusikiliza simu zetu zilizorekodiwa. Mwambieni resipi ya pai niliyompa Lavelle mwezi uliopita nilikosea, mdalasini uwe nusu, kama ameshaijaribu. Kwaya nzima inawasalimu, Dada Earnestine akiwemo, na Bwana Haskell anasema mita yangu iko sawa.

Ni mimi mwenye kuwaombea afya na masikio mazuri,

Bi. Verlene Stubblefield
(mama yake Lavelle)

Nyongeza: Waheshimiwa, tafadhali futeni yote niliyoandika hapo juu, namba ya kwanza hadi ya mwisho. Bei iacheni hapo ilipo. Ningeandika upya lakini karatasi ya heshima imeisha.

Jambo lililotokea ni hili. Sipeleki barua mahali popote kabla Lavelle hajaisikia, kwa hiyo jioni hii nilimsomea. Imechukua simu mbili. Kwenye ya kwanza, sijafika hata namba mbili, akaanza kucheka. Nikangoja amalize niendelee. Hakumaliza. Aliingia huko akiwa kijana mwenye kicheko chembamba cha kivulana, na tangu hapo simu ilikuwa ghali mno kwa mtu kucheka nayo, alikuwa akianza, anajikata mwenyewe, anasema, "Haya, Mama, endelea, endelea." Hata mliposhusha bei, mazoea hayo hayakumtoka. Kwenye chumba cha kutembelea nako hakuna anayecheka, askari wanatazama. Basi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukisikia kicheko cha mwanangu akiwa mtu mzima. Ni kinene. Kinaanzia chini, kinapanda taratibu kama mtu mwenye mzigo, kisha kinamwagika. Si cha marehemu baba yake, si changu. Ni chake mwenyewe, na sikuwa nakijua.

Nilikuwa nimeweka simu spika mezani ili nishike karatasi. Zenobia akaingia mbio kutoka uani, miguu ina matope, akasimama mlangoni akiangalia huku na huku jikoni.

"Bibi," akaniuliza, "nani huyo anacheka?"

Nikampa simu.