Nyota Mliyoipa Makala ya Filamu Yetu, na Mboga Zinazokuja Jumamosi

Laare, Meru

Kwa Mhariri,
Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Natumaini mko salama huko mtandaoni, popote mnapokaa. Mimi ni Mithika, mkulima wa miraa hapa Laare, babake Kagwiria, na pia ni mwigizaji. Msinitafute sana. Katika filamu ya "Binti wa Kilima cha Pili", iliyopigwa hapa kwetu, mimi ndiye kile kisogo kinachopokea posa. Mke wangu Cicily husema ndiyo sehemu yangu nzuri zaidi, na mwongozaji wa filamu alikubaliana naye.

Naandika kwa heshima kupinga nyota ya "Ubora wa Juu" ambayo wakaguzi wenu wameibandika kwenye makala ya filamu hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Makala inasema mchumba "anamkabidhi baba mkwe fungu la mboga za majani". Mboga, Ndugu Mhariri! Lile lilikuwa fungu la heshima, ncoolo, miraa teule iliyofungwa kwa jani la mgomba. Baba wa msichana akilifungua na kuwagawia wazee, maneno ya ndoa yanaanza. Asipolifungua, wageni wanamaliza chai na kuaga. Naelewa kwamba mkaguzi aliona kijani tu. Lakini hata mbuzi wangu, ambaye hajasoma, hutofautisha.

2. Nilirekebisha mwenyewe kwa simu. Kabla chai yangu haijapoa, mmoja wenu akafuta na kuniandikia: "Toa chanzo." Nikamjibu kwamba chanzo ni mimi, nilikuwepo, fungu lilikuwa mikononi mwangu. Akasema kuwepo hakutoshi, eti ni lazima kwanza mtu mwingine aandike habari hiyo mahali pengine. Nililiwaza jambo hilo nikichuma miraa mpaka nikapanda mti wa jirani.

3. Sasa kiini chenyewe. Kagwiria amechumbiwa na Ndambiri, kijana mpole wa Siakago, karani wa serikali. Kule kwao wana muguka wao, sisi tuna miraa yetu, na kila upande huona mwenzake anatafuna kichaka. Kwa kuogopa kutukosea, familia yake ikaenda kusoma desturi zetu kwenye makala yenu. Jumamosi hii wanakuja na mboga. Mamake, Peninah, amempigia Cicily simu kwa furaha: "Mama Kagwiria, msijali, tumesoma! Kunde nazimwagilia mwenyewe." Na ukame ule wa kwao!

4. Mtauliza kwa nini nisiwaambie. Baba wa msichana haombi ncoolo. Akiomba, huyo si baba tena, ni mchuuzi. Kagwiria alijaribu kumweleza Ndambiri. Kijana akamjibu, "Mpenzi, nakuamini, lakini makala ina nyota."

5. Binamu yangu Kailemia, mkubwa wa wazee watakaoketi siku hiyo, ameapa kwamba mboga ikitua mezani atachukua kofia yake na kuondoka, na wazee wote nyuma yake. Kila tukikutana sokoni ananiuliza, "Mithika, umeshanunua vitunguu?" Sokoni kote wanacheka. Binti yangu hacheki. Chakula anakisogeza tu kwenye sahani.

6. Kwa hiyo naomba nyota hiyo ing'olewe kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, mkaguzi aje mwenyewe, asimame mbele ya Kailemia na kumweleza kwamba hii ni mboga na ina ubora wa juu. Na hilo likishindikana, basi mkaguzi alete mwanawe wa kiume, maana binti nitabaki naye na gauni limeshashonwa.

Nisalimieni wakaguzi wote, hasa wale ambao hawakuwepo, kwa kuwa ndio mnaowaamini. Cicily pia anawasalimu, ingawa anasema nyinyi hamna kosa na kisogo changu hakina adabu.

Wenu kwa heshima zote,
Mithika

Tanbihi: Barua hii imechelewa. Nilikuwa nikikisafisha Kiswahili chake, na Jumamosi ikanipita nikiwa kwenye namba sita. Wageni walikuja. Mzee Kathuri, babake Ndambiri, alinikabidhi kunde kwa mikono miwili, zimefungwa kwa jani la mgomba sawasawa na kwenye filamu. Hata mtoto mchanga hashikwi kwa uangalifu vile. Kailemia akaishika kofia. Mimi nikashindwa kulifungua fungu, na nikashindwa kulikataa. Cicily akalichukua mikononi mwangu, akalifungua mbele ya wazee wote, akaenda nalo jikoni. Hakuna desturi inayomkataza mama wa msichana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba angethubutu.

Kumbe Kailemia hana magego. Miaka yote hii miraa yetu ya heshima amekuwa akiitia mfukoni. Alimaliza sahani ya kunde, akaomba nyingine, na mdomo ukiwa bado umejaa akauliza harusi ni lini. Ni Desemba. Kagwiria alikula sahani mbili.

Kwa hiyo tafadhali msiiguse makala. Kuna mtu mkaidi anayejiita Kisogo wa Laare ambaye kila mara analifuta neno "mboga". Mfungieni. Ni mimi. Nyota nayo iongezewe mwenzake, na mkitaka chanzo, sufuria bado haijaoshwa.