Nilivyomtafsiria Mama mbele ya kanisa

Jamani, leo nimepatikana. Kanisani, maikrofoni mkononi, watu wote wakiniangalia.

Kwa wasiotujua: Baba ni wa Busia, upande wa Kenya. Mama ni wa Kisoko, huku Tororo, Uganda, tunakoishi, na lugha yake ni Dhopadhola. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Lakini Mama akikasirika Kiswahili humkimbia, anahamia Dhopadhola, na mimi ndiye mkalimani. (Mkalimani mzuri tu. Mama akisema maneno kumi, Baba anapata matatu, yote matamu.)

Tangu Alhamisi walikuwa hawaongei. Sababu ni simu. Baba alininunulia kimyakimya, Mama akaja kuambiwa na jirani. Basi siku tatu nzima ni, "Athieno, mwambie baba yako chai iko tayari," na Baba mwenyewe ameketi palepale, anaitazama hiyo chai.

Leo ilikuwa ibada ya wanandoa. Mchungaji akafundisha kwamba mume na mke hawawezi kuomba pamoja ikiwa hata salamu wanatumiana kupitia mtoto. (Nani alimwambia?) Kisha akawaita wazazi wangu mbele.

"Mama Athieno, mwambie mwenzako lililo moyoni, kwa lugha yako. Binti atatutafsiria."

Huwa natafsiri mahubiri kila Jumapili. Kiherehere changu mwenyewe.

Mama akamshika Baba mikono, akaongea Dhopadhola, polepole. Alisema simu si kitu. Kilichomuuma ni kusikia habari za nyumba yake kwa jirani, kama mgeni. Halafu akaongeza kwamba mtoto halali kwa sababu ya hiyo simu, na wangeshauriana kwanza.

Nikaiona simu yangu inaondoka. Nikasema kwenye maikrofoni, "Mama anamshukuru Baba kwa moyo wake wa kutoa. Anamwomba aendelee hivyo hivyo."

Akina mama wa kwaya wakaanza kucheka. (Nusu ya kanisa letu ni watu wa Kisoko. Hilo sikulifikiria.)

Mzee mmoja akaita kutoka nyuma, "Binti, mama yako hajasema hivyo."

"Najua hajasema hivyo," akajibu Baba.

Akamgeukia Mama, akamjibu kwa Dhopadhola. Ya kuokoteza, lakini Dhopadhola. Alimwomba msamaha. Alimwambia yeye si mgeni, na kwamba kuanzia leo jambo lolote la nyumba yetu atalisikia yeye kwanza.

Mama akaiachia mikono yake. "Baba Athieno, umejua lini?"

"Tangu huyu akinyonya. Nilinyamaza kwa sababu kwenye tafsiri zake unanipenda sana."

"Kwa hiyo umekuwa ukisikia yote?"

"Yote. Hata yale ya pua yangu."

Mama alicheka mpaka akaegemea kifua cha Baba, machozi yanamtoka. Mchungaji naye anafuta macho. Mimi natafuta mlango.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Wao mbele, bega kwa bega, wanaongea njia nzima kama watu waliokutana jana. Mimi nyuma na Biblia zote tatu, hakuna anayehitaji mkalimani.

Na jambo la kwanza walilokubaliana, kwa upendo kabisa, ni kwamba simu yangu itakaa kwa Mama mpaka shule zifungwe. Hapa ameshanyoosha mkono. Wanaotaka kunicheka wanicheke sasa hivi, nisome kabla sijaikabidhi.