Akaunti Mbili Zinazolindana

Jumatatu, 3 Novemba
Karama, huku Uarabuni. Leo nimemkamata Ronny akichungulia simu yangu! Huyu analala kitanda cha juu, tunalinda jengo moja, na sote tumeomba kazi ile ile: kufungulia wageni mlango kwenye hoteli moja kubwa. Mwaliko wa usaili utakuja kwa barua pepe. Ronny akiingia kwangu akaufuta, nimekwisha.

Nimebadilisha neno la siri. Refu, gumu, hata mimi limenitisha. Akaunti ikauliza: nikijifungia nje, nitumiwe msaada kwa anwani ipi? Nikafungua akaunti ya pili. Nayo ikataka anwani ya akiba. Nikaipa ile ya kwanza! Zilindane zenyewe. Kisha nikatoka kote, Ronny asikute kitu. Mimi si mtu wa mchezo.

Jumanne, 4 Novemba
Nimesahau neno la siri. Kote kuwili. Ya kwanza inasema imetuma ujumbe kwa ya pili. Ya pili inasema nikaangalie ya kwanza. Ala!

Ronny amepata mwaliko. Anasema lazima kuuthibitisha kabla ya kesho jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kaniambia taratibu, kwa huruma. Simpendi kabisa.

Jumatano, 5 Novemba
Kumbe akaunti ya kwanza ina laini yangu ya Kenya niliyoiandika zamani! Laini iko kwa Mama, Vihiga, kwenye simu yake ndogo ya tochi, mulika mwizi. Nikampigia anisomee namba ya kuthibitisha.

Akakataa. Akasema mwanawe Fanuel alimwonya asimsomee mtu namba hizo, hata anayejidai ni mwanawe. Nikamwambia Fanuel ndiye mimi. Akasema matapeli wote husema hivyo, akaanza kuniombea nitubu. Nikabembeleza. Haya, akasema, kama ni wewe, eleza kilichotokea harusi ya dada yako Jecinta.

Ronny juu kule akazima muziki. Nifanyeje? Nikasema suruali ilipasuka nikicheza mbele ya pasta. Mama akauliza ilipasuka wapi. Nyuma, Mama! Ndipo akasoma namba. Kitanda chote kinatikisika kwa kicheko cha Ronny, lakini nimeingia. Mwaliko upo. Nimethibitisha. Khalas!

Ijumaa, 7 Novemba
Kazi nimepata! Ronny pia, bahati mbaya. Mkataba unatumwa Jumatatu kwa barua pepe, nao lazima utiwe sahihi siku hiyo hiyo.

Safari hii sibahatishi. Laini ya Mama nimeifuta, aibu ile inatosha. Akaunti ya pili nimeitupa. Neno la siri ni jipya, refu kuliko lile, na nimeshatoka tena kwenye akaunti. Na namba ya akiba? Nimeweka ya simu ya zamu, ile ya kampuni inayokaa getini. Haizimwi usiku wala mchana, na daima kuna mlinzi macho. Ronny hawezi kuwaza hivyo!

Kesho asubuhi zamu yangu ya mwisho ikiisha, nairudishia kampuni sare, beji na hiyo simu ya zamu. Msimamizi wetu wa walinzi nimeshampigia nikamwambia yote niliyokuwa namfikiria, na kwamba hatanisikia tena nikimwomba kitu maishani. Raha iliyoje!