Miaka Miwili Ndani ya Siku Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nitasoma uzamili wa afya ya jamii. Sababu ni ya kitaaluma kabisa: mdogo wangu naye ameomba.

Alitangaza asubuhi kwenye chai, kwa ile sauti yake ya upole inayokera. Mama akaacha kumenya viazi, akamkumbatia na kisu bado mkononi. Niliposema hata mimi naomba, Mama akaniuliza kama nimempelekea mjomba karatasi zake. Shahada yangu ya biolojia imetundikwa ukutani mwaka wa nne huu, juu kabisa ya kiti cha Mama. Huenda ndiyo maana haioni.

Nimefungua fomu. Ukurasa wa tatu una ushenzi. Mwombaji awe amefanya kazi ya afya kwa muda usiopungua miaka miwili. Mdogo wangu ni muuguzi, ana mitatu. Mimi nasimamia mashine ya kutoa nakala dukani kwa mjomba. Fomu zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Siku kumi na moja. Watu wamejenga nyumba kwa muda huo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza mjomba hoja yangu. Tunatoa nakala za vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, vipimo vya damu. Kwa hiyo mimi ni mtunza kumbukumbu za afya. Nimemwandalia barua tayari, ya kutia sahihi tu.

Mjomba akavaa miwani, akaisoma yote, jambo ambalo sikulitarajia. Akasema maelezo ni mazuri ila si kamili. Akachukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake: "Huchelewa kufika." Kisha akatia sahihi na kugonga muhuri juu ya maneno hayo, hayafutiki.

Mpango wa kwanza umekufa. Jioni mdogo wangu akasema kwa hiari yake kwamba Alhamisi ni siku ya kupima watoto uzito kituoni kwao, wana upungufu wa watu, nikajitolee nione kazi ilivyo. Ukarimu wa namna hii una jambo nyuma yake. Nimekubali ili nilijue.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa!

Nimefika kituoni saa mbili. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi hadi barabarani. Na wote, wote, wanamjua mdogo wangu. Huyu anamshika mkono, yule anamletea mtoto aliyepewa jina lake. Mtoto mzima amepewa jina lake! Mimi nimewahi kupewa jina na wateja, lakini siwezi kuliandika hapa.

Alikuwa akinielekeza namna ya kutumia mizani ile ya kuning'iniza. Alisema jambo kuhusu mshale na sifuri. Sikusikia vizuri, nilikuwa nikihesabu watu waliomsalimia. Kumi na wanne.

Akaenda chumba cha chanjo, nikaanza kazi. Mtoto wa kwanza: uzito mdogo, alama nyekundu. Wa pili: nyekundu. Hadi wa ishirini na saba, nyekundu tupu! Nikaelewa. Hapa kuna baa la njaa, na muuguzi wa miaka mitatu hajaliona. Mimi nimeliona kwa asubuhi moja.

Sikumwambia. Angejitwalia sifa. Niliingia stoo na simu, nikapiga moja kwa moja ofisi ya afya ya wilaya, nikajitambulisha kama mratibu wa lishe. Wamesema wanakuja kesho. Nimenyoa ndevu.

Ijumaa, 7 Machi

Gari limekuja na maboksi ya chakula cha watoto wenye utapiamlo. Akashuka afisa mmoja mfupi, mpole. Akaomba aletewe mtoto mmojawapo. Akambeba, akaguna, akambadilisha mkono. Mtoto alikuwa na mashavu kama puto.

Afisa akaitazama mizani ikiwa tupu. Mshale ulikuwa kilo mbili chini ya sifuri. Akauliza nani alipima.

Nilikuwa nimeshaanza kuvutiwa sana na ramani iliyo ukutani. Mdogo wangu akasogea mbele.

"Zamu ilikuwa yangu," akasema. "Na mizani nilipaswa kuikagua mimi."

Afisa akasema barua ya onyo itaingia kwenye faili lake, isipokuwa watoto wote wapimwe upya ifikapo Jumapili. Barua ya onyo, wiki hii ya maombi! Mdogo wangu akapokea orodha ya watoto wote ishirini na saba, akaanza kuipanga mtaa kwa mtaa.

Nilishukuru kwamba halikuniangukia mimi. Kisha mkuu wa kituo akamwekea mkono begani, wauguzi wenzake wakamletea maji, na mama mmoja akasema huyu binti ni muungwana. Yaani hata lawama, akipewa yeye, inampendeza. Ingekuwa mimi ingenikaa kama koti la kuazima.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba kwa nyumba, yeye na daftari, mimi na mizani begani. Nimeambiwa maneno. Bibi mmoja ameniuliza kama mama yangu anajua ninakoshinda. Mtoto mmoja amenikojolea shati, na watu wazima wakamsifu.

Ishirini na sita wazima. Tena wengine wanene kupita kiasi.

Wa ishirini na saba alikuwa kwa fundi cherehani, chumba kimoja, vitambaa mpaka mlangoni. Mtoto hakulia tulipomning'iniza. Mdogo wangu akaurudisha mshale sifurini, akapima tena. Akapima mara ya tatu. Mshale ulibaki palepale, kwenye nyekundu. Fundi akasema alisikia kwa majirani kuwa ni mizani tu, basi akashusha pumzi, akarudi kushona.

Mdogo wangu akaketi chini karibu naye, akamweleza taratibu. Mtoto akapelekwa kituoni, na boksi moja la wilaya likafunguliwa saa ileile. Mimi nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama shati lililokauka.

Tulipotoka aliniambia, "Kaka, nyekundu ya kweli ilikuwa moja. Tuliizika chini ya ishirini na sita."

Alisema "tuliizika". Nimeliangalia sana neno hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Mtoto wa fundi ameongezeka robo kilo. Faili la mdogo wangu limebaki safi. Namtakia heri, kwa kiasi.

Fomu inafungwa kesho. Imebaki insha. Mdogo wangu amesoma yangu, akanishauri niifute, niandike habari ya mizani. Akasema niseme wazi kwamba sina miaka miwili, kisha nieleze kosa langu na yule mtoto, kwa kuwa ndilo jambo la kweli nililolifanya.

Wivu! Anataka nijichongee msalaba mwenyewe. Nimeandika kwamba niliongoza zoezi la lishe lililozifikia kaya zote zilizolengwa. Kila neno ni kweli, ukilisoma haraka.

Jumanne, 25 Machi

Nimeitwa kwenye usaili! Umefanyika kwa simu, nikiwa dukani, mjomba akatoa nakala mia mbili palepale nyuma yangu.

Walikuwa watu watatu. Mama mmoja mwenye sauti ya ualimu aliniomba nitaje kosa nililowahi kulifanya kazini na nilivyolirekebisha. Nikamjibu kwa fahari kwamba sijawahi kukosea. Nikadhani mtandao umekatika.

"Basi uje tena," akasema, "ukishakosea walau mara moja."

Mdogo wangu ameulizwa swali hilohilo. Alijibu kwa dakika ishirini, habari ya mizani. Ameniibia kosa langu!

Alhamisi, 10 Aprili

Majibu. Mdogo wangu amepokelewa. Mama amelia, mjomba amefunga duka kabla ya wakati. Mimi nimeandikiwa kwa adabu nitafute kwanza uzoefu wa miaka miwili.

Jioni mkuu wa kituo alikuja nyumbani. Anahitaji mtu wa kupima watoto na kuandika daftari, nianze Jumatatu. Kumbe mdogo wangu ndiye aliyeniombea. Alimwambia kwamba mtu aliyembeba yule mtoto hatasahau tena kukagua mizani. Mama akanitazama, na safari hii akaitazama na shahada yangu. Kwa dakika moja nilitaka kusema ndiyo.

Kisha nikapiga hesabu. Miaka miwili kituoni, yeye atakuwa amemaliza uzamili wakati mimi ndio naomba. Nitakuwa nyuma yake maisha yangu yote! Nikamshukuru mkuu wa kituo, nikamwambia nina majukumu mengine.

Nimeona tangazo la shahada ya uzamivu. Wanaomba mtu mwenye uzamili. Wanaomba tu, hawajalazimisha. Nimeutumia usiku huu kujizoeza sahihi mpya. "Dakta" inakaa vizuri mbele ya jina langu kuliko la mtu yeyote katika nyumba hii.